Makanisa ya Mwambao wa Ziwa Victoria: Makaburi, Makimbilio na Swali la Mwanzo

Mtu akitaja makanisa ya kale ya nchi yetu, fikra za wengi hukimbilia pwani. Hutajwa Bagamoyo, ambako Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misioni mwaka 1868. Hutajwa Mkunazini kule Zanzibar, ambako Askofu Steere alisimamisha kanisa kuu juu ya uwanja wa soko la watumwa. Sisi Walutheri huongeza Machame, walikofika watu wa Leipzig mwaka 1893, kisha tunaona kwamba tumemaliza. Mwambao wa Ziwa Victoria, huko kaskazini kabisa mwa nchi, hutajwa kwa sentensi moja tu, kana kwamba Injili ilipita huko ikielekea Uganda na haikuacha nyayo.

Katika makala haya tunakusudia kuwaongoza ndugu watumishi na wanafunzi wa theolojia katika baadhi ya mahali ambapo mtu anayepita Mwanza, Ukerewe, Mara au Bukoba yafaa asimame. Hatutafuata daraja la ukubwa wa majengo. Atakayekuja na matumaini ya kuona minara mirefu na madirisha ya vioo vya rangi ataviona vichache, na vingi kati ya hivyo ni vya juzi. Mahali penye uzito zaidi katika historia ya ukanda huu pengine hapana jengo lolote la kuonyesha. Tunaona ndiyo sababu ya kupatembelea kwa makini zaidi.

Tuanze na Kageye, kaskazini-mashariki ya mji wa Mwanza. Leo ni kijiji cha wavuvi, lakini katika karne ya 19 palikuwa bandari ya misafara. Njia ya biashara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora iliishia hapo majini, na pembe za ndovu pamoja na watumwa walipita hapo. Februari 1875 Henry Morton Stanley alifika Kageye, akaunganisha vipande vya mashua yake, akaondoka kulizunguka ziwa. Mwenzake kijana, Frederick Barker, alibaki kambini, akafa kabla Stanley hajarudi. Barua ya Stanley kutoka kwa Kabaka Mutesa, ikiomba wamisionari, ilipotangazwa Uingereza mwishoni mwa mwaka huohuo, chama cha CMS kiliitika upesi, na mwanzoni mwa mwaka 1877 watu wake wa kwanza walikuwa wamekwisha kupiga hema papo hapo Kageye. Mwezi Mei mmoja wao, Daktari John Smith, alikufa kwa maradhi, akazikwa huko. Alikuwa hajauona mji wa Kabaka ambao kwa ajili yake alikuwa ameiacha nchi yake.

Haukupita muda mrefu kabla Wakatoliki hawajatumia mlango uleule. Mapadre Weupe wa Kardinali Lavigerie walifika Kageye wakiwa njiani kwenda Buganda, na ni kutoka hapo Padre Lourdel na Bruda Amans walivuka ziwa, wakafika Buganda Februari 1879. Kwa hiyo makanisa mawili ambayo baadaye yalishindana vikali, hata yakamwagiana damu kule Mengo, yalikuwa na baraza moja la kungojea vyombo. Mwaka 1883 James Hannington naye alikaa hapo akiwa mgonjwa, asiweze kuendelea. Alirudi Uingereza, akawekwa kuwa askofu, akauawa Busoga mwezi Oktoba 1885.

Mwanafunzi atauliza, kanisa lenyewe liko wapi? Hakuna kanisa la siku zile Kageye. Hapo huwa tunawakumbusha wanafunzi wetu sura ya 23 ya kitabu cha Mwanzo. Ibrahimu aliahidiwa nchi nzima, lakini kipande cha kwanza alichokimiliki kilikuwa kaburi la mkewe, naye alikinunua kwa fedha, mbele ya mashahidi. Wahubiri wetu huipita sura hiyo upesi, kwa kuwa yasemekana haina mafundisho. Asimame mtu Kageye, aisome pale.

Kutoka Mwanza msafiri huvuka kwa meli mpaka Ukerewe, na hapo habari inakuwa ngumu zaidi. Luteni Shergold Smith na mwenzake O'Neill walikuwa wakishughulikia jahazi walilonunua kwa Songoro, mfanyabiashara Mwislamu aliyekuwa na makao yake kisiwani. Kukazuka ugomvi kati ya Songoro na Mtemi Lukonge. Songoro alikimbilia kambi ya wamisionari, nao wakakataa kumtoa. Desemba 1877 watu wa Lukonge waliivamia kambi, wakawaua wamisionari wote wawili pamoja na Songoro.

Habari hii imesimuliwa mara nyingi kama kisa cha mtawala mkatili na wafia dini wasio na hatia. Sisi tunadhani yapasa isomwe polepole zaidi. Lukonge alikuwa na haki zake kama mtawala katika nchi yake, na wageni waliingia katika mgogoro wasioujua mizizi yake. Hata hivyo haifichiki kwamba Wakristo wa kwanza kuuawa katika mwambao wetu hawakuuawa kwa kuhubiri. Waliuawa kwa kukataa kumtoa Mwislamu aliyekuwa amekimbilia kwao. Katika vyuo vyetu, ambako uhusiano na Waislamu ni somo la lazima, ni ajabu kwamba kisa hiki hakitajwi. Na mwaka uliofuata Alexander Mackay alikwenda kwa Lukonge bila silaha, akafanya naye mapatano, pasipo kisasi.

Atakayefika Ukerewe asikose kwenda Kagunguli, misioni ya Wakatoliki iliyofunguliwa katika miaka ya 1890. Ukristo wa kisiwa hicho ulimlea Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896 na kusomeshwa katika seminari ya Rubya. Mwaka 1945 alimaliza kwa Kikerewe riwaya yake ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, ambayo tafsiri yake ya Kiswahili, aliyoifanya mwenyewe, ilichapishwa mwaka 1980, mwaka mmoja kabla hajafa. Tunaitaja hapa kwa sababu maalumu. Kitereza alikuwa Mkristo wa dhati, na yeye mwenyewe hakujaliwa kubaki na mtoto hata mmoja. Akaandika habari za mke na mume waliosumbuliwa na utasa, akiyaeleza maisha ya Wakerewe wa kale bila kuyadhihaki na bila kuyahubiria. Mchungaji anayewashauri watu wenye jaribu hilo atajifunza humo mengi kuliko katika vitabu kadhaa vya ushauri wa kichungaji vilivyotafsiriwa.

Turudi sasa bara, upande wa kusini wa Mwanza. Njia iendayo Kigongo yapita Bukumbi. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilometa 3 hivi, limeondoa adha ya kungojea kivuko, na magari ya Sengerema, Geita na Bukoba hupita kwa kasi. Kasi hiyo yaweza kuwafanya watu wasahau kusimama Bukumbi, nasi tungesikitika.

Mapadre Weupe walikuja Bukumbi mwaka 1883, wakiwa wameondoka Buganda kwa hofu ya mambo ya ikulu ya Mutesa. Walianza na watoto waliokombolewa utumwani. Wenzao wa CMS nao walikuwa na kituo chao kusini mwa ziwa, Usambiro, ambako Mackay alihamia mwaka 1887 baada ya Kabaka Mwanga kumfukuza. Usambiro palikuwa mahali pa mauti: Askofu Henry Parker, aliyewekwa mahali pa Hannington, alifariki hapo Machi 1888, na Mackay mwenyewe alifariki hapo kwa homa Februari 1890. Lakini palikuwa pia mahali pa kazi. Mackay aliendelea kutafsiri na kupiga chapa Injili kwa Kiganda, kwa ajili ya kanisa ambalo hakuruhusiwa kuliona.

Mwaka 1888 Mwanga alipinduliwa, na mwezi Oktoba wamisionari wote wa Buganda, Wakatoliki kwa Waprotestanti, walifukuzwa nchini. Walipakiwa pamoja katika mashua ya CMS iliyoitwa Eleanor. Wakiwa ziwani kiboko aliipiga mashua hiyo, na baadhi ya watu waliokuwamo wakafa maji. Waliosalia waliitengeneza wakaendelea, Wakatoliki wakafika Bukumbi na Waprotestanti Usambiro. Yapo mambo mengi yaliyoandikwa juu ya uekumene katika miaka yetu hii. Picha ya padre na mchungaji wakiziba tundu la mashua moja ni ya zamani kuliko maandishi hayo yote, nayo haikutokana na azimio la mkutano wowote.

Na liko jambo kubwa zaidi. Mwanga alipokimbia ufalme wake alijikuta kusini mwa ziwa mikononi mwa Waarabu wa Magu, ambako hakutendewa kama mfalme. Akatoroka. Alikimbilia wapi? Alikwenda Bukumbi kwa Mapadre. Huyu ndiye aliyeamuru vijana wa Namugongo wachomwe moto tarehe 3 Juni 1886, miaka miwili na nusu tu kabla ya hapo, na baadhi ya watu wa Bukumbi walikuwa wamewajua vijana hao kwa majina yao ya ubatizo. Wakampokea. Hatusemi kwamba nia zao zilikuwa safi kabisa; walijua pia kwamba mfalme aliyerudishwa na Wakristo angekuwa na faida kwa misioni, na mambo ya mwaka 1889 na baadaye yalithibitisha hivyo. Siasa na rehema vilikaa nyumba moja. Lakini mwaka baada ya mwaka tunahubiri juu ya kumsamehe adui kwa mifano ya kubuni, ilhali mfano huu uko karibu na barabara kuu.

Upande wa mashariki wa ziwa tutapita kwa haraka. Huko Nasa, katika wilaya ya leo ya Busega, CMS walifungua kituo kati ya Wasukuma mwishoni mwa miaka ya 1880, na mwaka 1909 wakakikabidhi kwa African Inland Mission, akaja Emil Sywulka. Kutokana na mbegu hiyo limeota Kanisa la AIC, ambalo leo ni kubwa sana Usukumani na makao yake makuu yako Mwanza. Mbele zaidi, karibu na mpaka wa Kenya, iko Shirati ya Wamennonite, waliofika mwaka 1934. Mtu asiitembelee Shirati kwa ajili ya jengo. Aende kwa ajili ya habari za Uamsho wa mwaka 1942, wakati wamisionari na Waafrika walipoungama dhambi zao mbele ya wenzao, ikiwamo dhambi ya kubaguana, hata wakaanza kuketi meza moja. Zedekia Kisare, mtu wa Uamsho huo, aliwekwa kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa kanisa hilo mwaka 1967.

Kanisa moja, hata hivyo, lataka litembelewe kwa ajili ya jengo lenyewe, nalo ni la Bujora. Kutoka Mwanza kwa barabara ya Musoma msafiri atapita kwanza Igoma, yalipo makaburi ya watu waliozama na meli ya MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996. Mchungaji asipite hapo bila kusimama, kwa kuwa ziwa hili limezika washarika wetu wengi na bado linazika, kama tulivyoona Ukara mwaka 2018. Baada ya hapo ni Kisesa, na kilimani ndipo Bujora.

Padre David Clement, Mkanada kutoka Quebec ambaye Wasukuma walimwita Fumbuka, alianza kazi hapo mwanzoni mwa miaka ya 1950. Alijenga kanisa kwa mfano wa nyumba ya msonge. Altare ina umbo la kiti cha enzi cha mtemi. Tabernakulo ni nyumba ndogo ya Kisukuma, na penye mlango wake pamewekwa ngao na mikuki, alama za ulinzi wa mtawala. Maana yake ni wazi kwa Msukuma yeyote: Mtemi yumo ndani. Pembeni mwa kanisa iko makumbusho ya Wasukuma, yenye ngoma za watemi, na kila mwaka katika sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu hushindana hapo katika sherehe ya Bulabo.

Wako wenzetu wanaonung'unika juu ya Bujora. Husema kwamba alama za utemi zilikuwa na matambiko yake, na kwamba haziwezi kuhamishwa kirahisi kama vile mtu anavyohamisha kiti. Hoja hii si ya kudharauliwa. Sisi wenyewe tungeuliza swali jingine: ufalme wa Kristo, ambao kwetu Walutheri huonekana kwanza msalabani, waonyeshwaje kwa ngao na mikuki? Lakini tuseme kweli. Katika sharika zetu nyingi tumejenga majengo marefu ya mstatili yanayofanana na maghala, na hatukuwahi kuulizana yanamwambia nini mtu aingiaye. Padre Clement aliuliza, akajibu kwa saruji na mbao, na jibu lake laweza kujadiliwa. Jengo lisilojibu lolote halijadiliki.

Mjini Mwanza penyewe hatutakaa sana. Liko kanisa kuu la Kianglikana la Mtakatifu Nikolao, la Dayosisi ya Victoria Nyanza iliyoundwa mwaka 1963, na liko kanisa kuu la Jimbo Kuu Katoliki. Sisi Walutheri ni wageni waliokuja nyuma hapo, tukiletwa kwa sehemu kubwa na watumishi wa serikali, wafanyabiashara na wahamiaji kutoka Kilimanjaro na Bukoba. Leo Dayosisi ya Mashariki ya Ziwa Victoria ina makao yake mjini humo. Mwanza yatufundisha kwamba Ulutheri waweza kufika mahali ndani ya sanduku la nguo la karani, bila misioni.

Hilo latuongoza Bukoba, ambako tuna shauri la kusema.

Wakatoliki wana Kashozi. Baada ya vita vya Mengo, Januari 1892, Askofu Hirth na Wakatoliki wengi walikimbia Buganda, na mwezi Desemba mwaka huo wakafungua misioni ya Kashozi. Hapo tena mwanzo ni ukimbizi. Kwa miaka kadhaa Kashozi ilihifadhi pia masalia ya Kardinali Laurean Rugambwa, kardinali wa kwanza Mwafrika wa nyakati zetu, mpaka yalipohamishiwa kanisa kuu la Bukoba mjini Oktoba 2012. Wanafunzi wetu wayatembelee yote mawili bila haya.

Na sisi je? Katika vitabu vyetu imeandikwa kwamba kazi ya Kilutheri Bukoba ilianza mwaka 1910, alipokuja Ernst Johanssen na wenzake wa Misioni ya Betheli. Mwaka huo ni wa kweli kama mwaka wa kufika kwa wamisionari. Kama mwaka wa kuanza kwa kanisa, tunaupinga. Kabla ya Johanssen walikuwapo Wahaya waliokwenda Buganda, wakajifunza kusoma huko, wakarudi na vitabu vya Kiganda. Walikutana majumbani, wakasoma, wakasali, wakafundishana, pasipo mchungaji na pasipo kanisa la matofali. Miongoni mwa viongozi wao alikuwa Andereya Kajerero, ambaye baadaye alikuwa kati ya wachungaji wa kwanza Wahaya. Betheli haikukuta shamba tupu. Ilikuta wasomaji waliokuwa wakingoja mwalimu.

Na neno hili halikuishia hapo. Vita Kuu ya Kwanza ilipowaondoa Wajerumani, kusanyiko liliachwa mikononi mwa Wahaya wenyewe, likisaidiwa na Waanglikana wa Uganda, na kisha kwa muda mfupi katika miaka ya 1920 na Wamethodisti kutoka Afrika Kusini, kabla Betheli haijarudi. Vita ya Pili ikawaondoa Wajerumani tena, wakaja Waskandinavia. Kanisa lililoachwa yatima mara mbili na likaendelea kusali laonyesha dhahiri lilikuwa limeanzia kwa nani. Askofu wake wa kwanza, mwaka 1961, alikuwa Msweden, Bengt Sundkler, mwanahistoria ambaye mwenyewe aliandika kwa heshima juu ya wasomaji hao wa mwanzo. Aliyemfuata mwaka 1964 alikuwa mwana wa Bukoba, Josiah Kibira, ambaye mwaka 1977, katika mkutano wa Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa Rais wa kwanza Mwafrika wa Shirikisho la Kilutheri la Ulimwengu.

Kwa nini tunagombania mwaka? Kwa sababu mwaka uandikwao juu ya jiwe la msingi huamua kitakachohifadhiwa. Tumeona katika sharika kadhaa, ambazo hatuna sababu ya kuzitaja, kanisa dogo la kwanza likibomolewa ili mawe yake yawe kifusi cha kanisa jipya, na picha pekee iliyobaki ni ya mmisionari amesimama mlangoni. Nyumba zile za kwanza za kusomea hazikupata hata picha. Ziko sehemu ambazo mahali pa nyumba hizo pajulikana bado, kwa kuwa ukoo uleule unakaa hapo hapo. Migomba imepandwa, na mjukuu aweza kuonyesha kwa kidole mahali babu yake alipoketi na kitabu cha Kiganda. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 liliharibu majengo mengi Kagera, na fedha zilitafutwa kwa haki kuyajenga upya. Kwa nyumba za wasomaji hakuna cha kujenga. Panahitajika kigingi, kibao kimoja, na maelezo mafupi katika kitabu cha usharika.

Kazi hiyo yaweza kufanywa na wanafunzi wa theolojia wakati wa mafunzo yao ya vitendo usharikani. Waende na daftari kwa wazee wa kila usharika wa kale, waulize majina mawili: nani alileta kitabu cha kwanza katika kijiji hiki, na watu walikusanyika nyumbani kwa nani. Waandike majibu hata yakipingana, pamoja na jina la msimulizi na tarehe, kisha nakala moja ibaki usharikani na nyingine ipelekwe dayosisini. Wanawake waulizwe peke yao, kwa maana ndio waliopika na kuwalaza wageni wa ibada hizo, na kwa kawaida wanakumbuka nyumba kuliko tunavyokumbuka sisi.